ISTILAHI ISIKIRI WALA ISIKANE: UHAKIKI WA MANENO YA ASILI YA VIUMBE KATIKA SAYANSI NA TEOLOJIA

Utangulizi

Miongoni mwa kazi zinazomkabili mwanaistilahi wa Kiswahili, ipo moja ambayo haizungumzwi mara nyingi katika vikao vya usanifishaji. Kazi hiyo ni kuweka mpaka kati ya elimu mbili zinazotumia maneno yale yale kwa makusudi mbalimbali. Fizikia na useremala hazigombani juu ya neno. Lakini biolojia na teolojia ya Kikristo, zinapozungumza habari za asili ya viumbe, hutumia maneno ambayo kila upande huyaona kuwa mali yake: 'kiumbe', 'maumbile', 'binadamu', 'jinsi', 'mageuko', 'nadharia'. Mwanafunzi wa shule ya msingi huyasikia maneno hayo darasani siku ya Ijumaa, kisha huyasikia tena kanisani siku ya Jumapili, wala hakuna anayemwambia kwamba maana zimebadilika njiani.

Makala haya yananuia kuyahakiki baadhi ya maneno hayo. Rai yetu ni kwamba sehemu kubwa ya ugomvi unaosikika baina ya dini na sayansi kwa lugha ya Kiswahili inatokana na maneno tuliyoyachagua, na kwamba sehemu hiyo ni jukumu letu sisi tunaosanifisha istilahi. Sehemu inayobaki, yaani ubishi wa hoja kwa hoja, si kazi yetu kuimaliza. Hiyo tuwaachie wanabiolojia na wanateolojia. Lakini hapana budi tuwape maneno ambayo yatawawezesha kubishana juu ya jambo moja badala ya mawili.

Pwani ya kamusi na mimea

Kabla ya kuyapima maneno yenyewe, yafaa tukumbuke kwamba katika pwani yetu elimu hizi mbili zilikaa muda mrefu katika nyumba moja. Mmisionari Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844. Mwaka 1847 sura tatu za kwanza za kitabu cha Mwanzo, katika tafsiri yake ya Kiswahili, zilichapishwa Marekani katika jarida la wataalamu wa lugha za mashariki. Kwa hiyo miongoni mwa maandiko ya mwanzo kabisa ya Biblia kupigwa chapa kwa lugha yetu ni masimulizi yenyewe ya uumbaji. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo, wakaanzisha makazi ya watu waliokombolewa utumwani pamoja na mashamba na bustani.

Katika misheni hizo za Bagamoyo na Unguja alifanya kazi Padre Charles Sacleux, Mfaransa, katika miongo miwili ya mwisho ya karne ya 19. Wanaisimu wanamfahamu kwa kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, ambayo ilianza kutoka Paris mwaka 1939. Wataalamu wa mimea wanamfahamu kwa sababu nyingine. Alikusanya mimea ya pwani na kuipeleka Ufaransa, na mtaalamu Henri Baillon akaipa jenasi moja jina la Sacleuxia kwa heshima yake. Mtu mmoja, basi, alifundisha katekisimu, aliandika kamusi na alikusanya mimea, na kwa kazi zote tatu alihitaji maneno ya watu wa pwani.

Wala biashara hiyo ya maneno haikuwa ya upande mmoja. Mkilua, ule mti mdogo wa pwani ambao maua yake wanawake huyapenda kwa manukato, mwaka 1970 ulielezwa kisayansi na mtaalamu Bernard Verdcourt, akaupa jenasi yake mwenyewe na kuiita Mkilua. Hivi leo mwanabotania wa nchi yoyote duniani, akitaka kuutaja mti huo kisayansi, hana budi kutamka neno la Kiswahili. Kadhalika fuvu lililofukuliwa na Mary Leakey huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959 lilipewa kwanza jina la Zinjanthropus, yaani mtu wa Zinji, na Zinji ni jina la kale la Waarabu kwa pwani hii ya Afrika Mashariki. Jina hilo limekwisha kubadilishwa na wataalamu, lakini watu wetu bado wanalikumbuka.

Tumeyataja haya ili msomaji asidhani kwamba tunaanza na uadui wa asili kati ya elimu mbili. Uadui, pale unapokuwapo, una mahali ulipoingilia, na mojawapo ya mahali hapo ni istilahi.

'Binadamu', 'zamadamu' na 'viumbe'

Tuanze na maneno yanayolaumiwa zaidi, ingawa kwa maoni yetu hayastahili lawama hiyo. Neno 'binadamu' limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni mwana wa Adamu. 'Mwanadamu' ni neno lilo hilo lililotiwa kichwa cha Kibantu. Likaja neno 'zamadamu', ambalo sasa limeenea katika vitabu vya historia na katika makumbusho, hasa kwa kutaja nyayo za Laetoli zilizogunduliwa mwaka 1978, ambazo umri wake ni takriban miaka milioni 3.6. Sikio la Mswahili husikia ndani ya neno hilo 'zama' na 'Adamu'. Kwa hiyo mwalimu anaposema kwamba binadamu ametokana na zamadamu, akichambuliwa neno kwa neno, huwa amemtaja Adamu mara mbili katika sentensi ambayo wengine wanadhani inamkana Adamu.

Kwa upande mwingine lipo neno 'viumbe', nalo limetokana na kitenzi '-umba'. Kilichoumbwa kina mwumba. Hivyo mwanabiolojia asemaye 'viumbe hai' huonekana kana kwamba ameungama imani kabla hajafungua darubini. Neno 'maumbile' lina hali iyo hiyo.

Zimewahi kusikika rai mbili zinazopingana. Baadhi ya walimu wa sayansi wanataka maneno haya yaondolewe katika istilahi za biolojia, na mahali pake yatiwe maneno ya kukopa kama 'oganizimu', ili sayansi isionekane kuhubiri. Nao baadhi ya wahubiri huyatumia maneno haya haya kama ushahidi: lugha yenyewe, wasema, inajua kwamba sisi ni wana wa Adamu na kwamba kila kilicho hai kimeumbwa.

Rai zote mbili zina kosa moja, nalo ni kudhani kwamba asili ya neno ni hoja. Sayansi yenyewe imejaa majina ya nadharia zilizokufa. 'Malaria' kwa Kitaliano maana yake ni hewa mbaya, na jina hilo limedumu ingawa Ronald Ross alionyesha mwaka 1897 kwamba vimelea vyake hukua ndani ya mbu. 'Oksijeni' maana yake ni kizaa asidi, kwa kuwa Lavoisier alidhani hakuna asidi isiyokuwa nayo. Asidi ya hidrokloriki haina oksijeni hata chembe, na jina halikubadilishwa. 'Atomu' maana yake ni kisichokatika, na imekwisha kukatwa. Hata sisi twasema kwamba jua linachomoza Mafia na kutua Morogoro, wala hakuna mwanafalaki anayetuita kizimbani.

Maneno haya hayadhuru kwa sababu yametaja vitu, hayakueleza namna vitu hivyo vilivyotokea. Jina la kitu ni kama kidole: linaonyesha. Asemaye 'viumbe hai' ameonyesha minazi, kaa, mikoko na watu, na msikilizaji amejua ni vitu gani vinavyozungumzwa, awe Mkristo, Mwislamu au mtu asiye na dini. Kwa hiyo 'binadamu', 'viumbe' na 'maumbile' yabaki. Ni maneno yaliyozoeleka, yanaeleweka na wananchi wote, na kuyang'oa kungewatenga watu na elimu pasipo faida. Anayetaka usahihi wa kibiolojia analo jina la Kilatini la Homo sapiens.

'Mageuko': jina la mchakato

Jambo ni tofauti neno linapotaja mchakato. Jina la mchakato halionyeshi tu, bali hueleza. Likieleza vibaya, maelezo yote yanayofuata huwa mabaya. Hapa ndipo tunapokutana na neno 'mageuko'.

Kitenzi '-geuka' katika Kiswahili cha kila siku kina tabia mbili. Kwanza, anayegeuka ni mmoja: mtu fulani, kitu fulani. Pili, kugeuka hutokea kwa mara moja, au walau kwa muda unaoweza kushuhudiwa. Katika ngano zetu fisi hugeuka kijana mzuri akaenda kuposa, na mzee hugeuka chatu. Wakristo nao hulitumia neno hilo kwa tukio la Yesu kugeuka sura mlimani mbele ya wanafunzi wake. Katika matumizi yote haya yupo mmoja aliyekuwa hivi, kisha akawa vile, na aghalabu ipo nguvu isiyo ya kawaida iliyomgeuza.

Sasa mwambie mtoto aliyelelewa na lugha hii kwamba kuna 'mageuko' ya binadamu. Atasikia nini? Atasikia kwamba nyani aligeuka mtu.

Mapinga, kijiji kilicho kwenye barabara ya kwenda Bagamoyo baada ya kupita Bunju, ni mahali ambapo jambo hili linaweza kusikika vizuri. Wenyeji wa zamani na wahamiaji kutoka bara wanaishi pamoja, misikiti na makanisa yapo karibu karibu, na Kiswahili ndicho lugha ya wote. Tulipokuwa huko kukusanya majina ya mimea na ya samaki, tulisikiliza mazungumzo baina ya mwalimu wa shule na katekista, ambao ni marafiki na majirani. Kijana mmoja aliwauliza: kama nyani aligeuka mtu, mbona nyani wa siku hizi hawageuki? Mwalimu alijibu kwamba wanageuka, ila polepole mno hata hatuwaoni. Katekista alijibu kwamba hawageuki kwa sababu hawakugeuka kamwe, na Mungu hakumwumba mtu kwa kumgeuza mnyama. Kijana aliondoka akiwa na majibu mawili, akayaona moja kuwa la sayansi na jingine kuwa la dini.

Mwanaistilahi akiyatazama majibu hayo ataona kwamba hakuna hata moja lililogusa biolojia. Hakuna mwanabiolojia afundishaye kwamba nyani wa leo, au nyani yeyote, aligeuka au anageuka kuwa mtu, kwa haraka wala kwa polepole. Anachofundisha ni kwamba nyani wa leo na mtu wa leo wana mababu wa pamoja, ambao hawapo tena, na kwamba vizazi vilivyotokana na mababu hao vilitengana na kutofautiana kidogo kidogo. Mwalimu na katekista walibishana kwa uaminifu kabisa juu ya jambo ambalo hakuna aliyelisema. Aliyelisema ni kitenzi.

Mfano wa lugha zenyewe

Jambo la kusikitisha ni kwamba watu wa Mapinga wana mfano wa mchakato huu midomoni mwao. Katika wilaya ya Bagamoyo na kandokando yake husikika Kizaramo, Kikwere, Kidoe na Kiswahili. Msikilizaji yeyote hutambua kwamba lugha hizi ni ndugu. Lakini hakuna mtu awezaye kusema kwamba Kizaramo kiligeuka Kikwere, au kwamba Kiswahili ni Kizaramo kilichogeuka. Wanaisimu husema kwamba lugha hizi zote zimetokana na lugha mame moja ambayo haizungumzwi tena. Tena haikuwako siku hata moja ambapo mama alisema lugha moja na mwanawe akamjibu kwa lugha nyingine. Kila kizazi kilielewana na kizazi kilichokitangulia, na hata hivyo, baada ya vizazi vingi, wajukuu wa pande mbili hawakuelewana.

Akiulizwa mtu kwa nini Wazaramo wa leo hawageuki Wakwere, atacheka. Swali la nyani lingechekesha vivyo hivyo, lau kama lugha tuliyoitumia shuleni isingelipa heshima. Charles Darwin mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1871 juu ya asili ya mtu, aliulinganisha utokeaji wa spishi na utokeaji wa lugha. Inafaa pia kukumbuka kwamba neno ambalo sisi tumelifasiri kwa 'mageuko' halikuwamo katika toleo la kwanza la kitabu chake juu ya asili ya spishi, lililotoka mwaka 1859. Kitenzi chake kinatokea mara moja tu, nacho ndicho neno la mwisho la kitabu. Maneno aliyoyapenda Darwin yalikuwa na maana ya kutokana kwa nasaba pamoja na mabadiliko. Sisi tumetafsiri neno lililokuja kupata umaarufu, tukaiacha dhana iliyokuwa na maelezo.

'Uchaguzi asilia'

Kasoro ya namna hiyo hiyo imo katika istilahi 'uchaguzi asilia', au 'uteuzi asilia' kama wengine wanavyosema. Kuchagua ni tendo la mwenye akili. Asikiaye 'uchaguzi' huuliza ni nani aliyechagua, na mwamini anao uhuru wa kujibu kwamba ni Mungu, ilhali anayejibu kwamba ni 'asili' ameifanya asili kuwa mungu mdogo. Neno 'uteuzi' lina uzito zaidi, kwa kuwa katika teolojia wapo wateule.

Tatizo hili si letu peke yetu. Alfred Russel Wallace, aliyeigundua kanuni hiyo pamoja na Darwin, alimwandikia Darwin mwaka 1866 akimsihi aliache neno hilo kwa sababu lilikuwa linawafanya wasomaji wadhani yupo mwenye kuchagua. Darwin alikubali kuongeza istilahi nyingine katika toleo la tano la mwaka 1869, lakini lile la kwanza lilikwisha kuota mizizi. Sisi bado tuna nafasi. Neno 'mchujo' lingefaa zaidi. Kifumbu cha tui hakichagui. Kinachoweza kupita hupita, na machicha hubaki. Msomaji atasema kwamba kifumbu nacho kina mtu anayekishika. Ni kweli, na hakuna istilahi isiyo na kasoro. Lakini swali la nani amekishika kifumbu ni swali ambalo biolojia haina budi kuliacha wazi, na 'mchujo' huliacha wazi, ambapo 'uteuzi' hulijibu kabla halijaulizwa.

'Jinsi' na 'spishi'

Tusije tukaonekana kulaumu tu, upo mfano mmoja ambapo Kiswahili kimefanya vizuri kuliko Kilatini. Biblia ya tafsiri ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, katika sura ya kwanza ya Mwanzo hutumia neno 'jinsi' kwa kueleza namna mimea na wanyama walivyoumbwa kila mmoja kwa aina yake. Tafsiri ya Kilatini iliyotumiwa na Kanisa la Magharibi kwa zaidi ya miaka elfu moja ilitumia mahali hapo maneno 'genus' na 'species'. Katika karne ya 18 Linnaeus wa Uswidi aliyachukua maneno hayo hayo, yaliyokuwa pia ya wanamantiki, akayafanya msingi wa uainishaji wa viumbe. Matokeo yake ni kwamba msomi wa Ulaya aliposoma kwamba 'species' zinabadilika, aliona neno la Maandiko likibadilishwa. Kubadilika kwa kundi la kibiolojia kulionekana kama kubatilisha aya.

Sisi tumekopa 'spishi' na 'jenasi' kwa biolojia, tukaiachia Biblia 'jinsi'. Kwa hiyo Mswahili anaweza kusoma kwamba spishi zimetokana na spishi nyingine bila ya kuona kwamba kitabu cha Mwanzo kimekanushwa neno kwa neno. Kama kuna mkinzano wa kweli, itabidi uonyeshwe kwa hoja. Hapa kukopa kumesaidia, si kwa sababu neno la kigeni ni bora, bali kwa sababu elimu mbili zilihitaji maneno mawili.

'Nadharia' si dhana

Neno 'nadharia' limetokana na Kiarabu, na shina lake lina maana ya kutazama. Neno la Kigiriki ambalo Wazungu wanalitumia kwa dhana hiyo lina asili ya kutazama vilevile. Lakini mtaani 'nadharia' imekuwa kinyume cha 'vitendo', na msemo wa kwamba jambo fulani 'ni nadharia tu' maana yake ni kwamba halijathibitishwa. Mhubiri anaposema kwamba habari ya asili ya spishi ni nadharia tu, anakitumia Kiswahili cha mtaani kwa ufasaha. Hasemi hivyo juu ya nadharia ya vijidudu kuwa chanzo cha maradhi, ingawa nayo ni nadharia, na misheni nyingi zilijenga hospitali juu yake.

Umuhimu wa jambo hili ulionekana huko Vatikani kwenyewe. Mwaka 1950 Papa Pius XII, katika waraka wake Humani Generis, aliwaruhusu wataalamu kuchunguza kama mwili wa mtu umetokana na viumbe vilivyotangulia, akishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Tarehe 22 Oktoba 1996 Papa Yohane Paulo II aliiandikia Akademia ya Kipapa ya Sayansi, kwa Kifaransa, kwamba elimu mpya imefanya nadharia hiyo itambuliwe kuwa zaidi ya dhana ya kujaribia. Toleo la Kiingereza la gazeti la Vatikani, L'Osservatore Romano, lilitafsiri kana kwamba alisema zipo dhana zaidi ya moja, na baadaye likasahihisha. Neno dogo la Kifaransa, ambalo huweza kuwa na maana ya 'moja' au lisiwe na maana yoyote ya idadi, lilitosha kubadilisha msimamo wa kanisa zima machoni pa wasomaji wa gazeti hilo.

Kwetu sisi istilahi ya dhana ya kujaribia ni 'nadharia tete'. Kwa hiyo katika Kiswahili jina la dhana isiyothibitishwa limejengwa juu ya jina la dhana iliyothibitishwa, kwa kuongezewa kivumishi. Msikilizaji akikisahau kivumishi, tofauti yote hupotea. Lingekuwa jambo la busara kulitumia 'dhanio', ambalo halichangii shina na 'nadharia'.

Wajibu wa wanateolojia

Ingekuwa si haki kuwatwika walimu wa sayansi mzigo wote. Teolojia nayo ina istilahi yake, nayo huteleza. Kitenzi '-umba' katika Kiswahili kinaambatana na 'umbo'. Picha iliyomo ni ya kutia sura, kama mfinyanzi atiavyo sura udongo. Picha hiyo imo katika Maandiko, lakini mafundisho ya Kikristo juu ya uumbaji hayakuishia hapo. Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba uumbaji si badiliko, kwa sababu kila badiliko huhitaji kitu kilichokuwapo kwanza, na uumbaji ni kukipa kitu kuwapo kwenyewe. Ikiwa ndivyo, basi 'uumbaji' wa mwanateolojia na 'mabadiliko' ya mwanabiolojia hayawezi kugombania nafasi moja, maana kila moja ni jibu la swali lake.

Georges Lemaître, padre wa Ubelgiji na mwanafizikia, alilifahamu jambo hili. Mwaka 1931 alieleza kwamba ulimwengu ulianza kutanuka kutoka katika kitu kama atomu moja ya awali, rai iliyokuja kuzaa nadharia ya mlipuko mkuu. Mwaka 1951 Papa Pius XII alipoielekeza fizikia hiyo upande wa kuthibitisha uumbaji, Lemaître hakufurahi. Kwake 'mwanzo' wa fizikia ulikuwa dhana ya fizikia, ambayo yaweza kusahihishwa kesho, na imani haikupasa kuegemea juu yake. Huyo alikuwa padre akilinda mpaka wa istilahi dhidi ya sifa, si dhidi ya mashambulizi. Karne 15 kabla yake Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alikwisha kuwaonya Wakristo kwamba wakizungumza upuuzi juu ya mbingu na nchi kwa jina la Maandiko, wajuao mambo hayo watayadharau Maandiko yenyewe.

Mapendekezo

Kutokana na uhakiki huu twapendekeza mambo manne kwa wanaohusika na usanifishaji.

Kwanza, maneno yatajayo vitu, yaani 'binadamu', 'zamadamu', 'viumbe' na 'maumbile', yaachwe kama yalivyo. Asili yake isitumiwe kuwa hoja na upande wowote.

Pili, kwa mchakato wenyewe itumiwe istilahi 'mabadiliko ya nasaba'. Nasaba ni neno linalofahamika pwani nzima. Familia huhifadhi nasaba zao, na Injili ya Mathayo huanza na orodha ya vizazi. Nasaba ni ya wengi na ya muda mrefu, wala mtu mmoja hawezi kuwa nasaba. Tunajua kwamba 'mageuko' limekwisha kuingia vitabuni, na kwamba kubadilisha istilahi kila mara huwachosha watumiaji. Kwa hiyo hatusemi lipigwe marufuku. Pale litakapobaki, liandikwe kwa ukamilifu 'mageuko ya spishi', na waandishi wa vitabu vya shule waepuke kabisa kukifanya kiumbe mmoja kuwa mtenda wa kitenzi '-geuka'.

Tatu, 'mchujo asilia' ifikiriwe badala ya 'uchaguzi asilia', na 'dhanio' badala ya 'nadharia tete'.

Nne, wanateolojia wa madhehebu mbalimbali waalikwe katika vikao vya istilahi za biolojia, na wanabiolojia waalikwe pale istilahi za dini zinapojadiliwa. Hawaalikwi ili wapatane juu ya imani. Kila upande uje ueleze neno fulani linasikikaje masikioni mwa watu wake.

Elimu ya msingi nchini mwetu hutolewa kwa Kiswahili, na kwa wananchi wengi maneno ya darasa hilo ndiyo watakayokuwa nayo maishani wanapoufikiri ulimwengu. Kijana wa Mapinga anayo haki ya kuamua mwenyewe aamini nini juu ya asili yake. Lakini hawezi kuamua kwa haki ikiwa tumempa neno lililokwisha kuamua kwa niaba yake. Istilahi njema haiungami imani wala haiikani. Humfikisha mtu kwenye swali lenyewe, ikamwachia njia.